Kaburi Nililolisimulia

Machi 9

Leo naanza kuandika. Daftari nimelinunua mwenyewe, la jalada gumu, kurasa mia mbili, maana mtu aliyeona mambo kama niliyoyaona mimi akifa bila kuandika ni hasara kwa taifa. Jina langu Athanas, lakini hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, jina hilo hakuna anayelijua. Ulizia Mjomba wa Mabegi, utaletwa mpaka mezani kwangu umeshikwa mkono. Nauza mabegi ya safari: ya kuburuza, ya mgongoni, ya wanafunzi wa bweni. Nusu ya wasafiri wa nchi hii wamepita mikononi mwangu. Shule niliachia darasa la tano, siyo kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alikiri hana cha kuniongezea.

Mvua za masika zimeanza. Mbaruku, jirani yangu wa meza, yeye anauza mikanda, anasema za mwaka huu zitakuwa ndogo. Nimemwambia zitakuwa kubwa. Tangu mwaka wa Elinino hakuna anayeijua mvua kunizidi.

Machi 11

Mvua. Nimeuza begi moja, nalo zipu imegoma.

Machi 14

Paskalina amekuja kutoka Feri, na harufu yake ya mafuta ya samaki. Ni mdogo wangu, tumbo moja, anakaanga samaki pale tangu mwanawe Beno ananyonya. Hata kigoda hakukitaka. Amesema, "Kaka, masika yakiisha tunaenda Kyambila."

"Kyambila kufanya nini?"

"Kumjengea mwanangu kaburi. Mwezi ujao anatimiza miaka miwili kaburini. Ndugu wa Ndanda wananiuliza msalaba kauweka nani, sina jibu. Na siwezi kwenda na mtu mwingine. Wewe ndiye uliyemzika, wewe ndiye unayejua kichwa kimelala upande gani."

Mbaruku akadakia, "Hapo mama umepata kiongozi! Huyu mzee Kyambila anaijua kama mfuko wa shati lake. Si ndiko alikomfukuza kiboko kwa mwavuli?"

"Viboko wawili," nikamsahihisha.

Paskalina akacheka. Sijamwona akicheka tangu Krismasi.

Machi 15

Daftari, wewe huna mdomo. Basi sikia.

Kyambila sijafika. Sijawahi kufika.

Ni mji wa milimani huko mbele ya Mbeya. Una maziwa saba na unasifika kwa kutunza misitu na maji, watu wanatoka mbali kwenda kutazama tu. Mpwa wangu Beno alikuwa askari wa hifadhi huko. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa nne, alikuwa anatoa nyavu haramu ziwani, mtumbwi ukapinduka. Alipatikana siku ya nne. Kwa hali aliyokuwa nayo hakuna gari ambalo lingemfikisha Dar. Ikabidi azikwe kulekule.

Paskalina siku hiyo alikuwa kitandani hospitali, presha imempanda, hawezi hata kukaa. Simu ilikuja kwangu, maana namba aliyoiandika Beno kazini ilikuwa yangu. Na kwetu kusini mtoto wa dada hazikwi bila mjomba. Baba anaweza kukosekana, mjomba hapana. Mjomba anakaa kichwani pa kaburi, na jeneza halishuki mpaka aseme yeye, "Mshusheni."

Nilichukua begi bora kuliko yote mezani. Nikaenda stendi ya Mbezi. Tiketi nilikata. Basi likaitwa, watu wakapanda, mimi nikabaki nimekaa kwenye benchi la saruji na begi langu kubwa lenye shati moja ndani. Likaondoka. Nikavuka barabara nikachukua chumba gesti, nikakaa siku tano. Simu niliizima.

Kisha nikarudi nikamweleza dada yangu jinsi tulivyomzika mwanawe.

Machi 16

Nilichomweleza ni hiki. Askari wa hifadhi sitini, wamejipanga mistari miwili. Bendera nusu mlingoti. Tarumbeta. Kaburi limesakafiwa, jeupe, vigae vya bluu pembeni, limetazama ziwa kubwa kuliko yote. Nilipotupa udongo wa kwanza ndege weupe wakaruka wote kwa mpigo, hawana idadi. Mkuu wa hifadhi akalia kama mtoto.

Na nikamkabidhi udongo wa kaburi. Niliuchota nyuma ya gesti, Mbezi, karibu na bomba la maji machafu. Ameuweka kwenye chupa mbele ya picha ya Bikira Maria, na kila Jumapili anaifuta vumbi.

Machi 29

Mvua. Jangwani pamefungwa, maji yamepita juu ya barabara. Wateja hakuna.

Aprili 3

Nimempelekea Paskalina habari kwamba njia ya Kyambila imekatika, mlima umeporomoka, labda mwakani. Amesema atasubiri ijengwe.

Aprili 8

Paskalina ametoka mtaa wa Gerezani, kwa mafundi chuma, kuagiza msalaba. Fundi kamuuliza urefu, yeye kamwambia, "Muulize kaka, ndiye aliyeliona kaburi." Fundi kanipigia. Nikamwambia mita moja na robo, bila kupepesa. Mdomo wangu huu hauhitaji kichwa.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Leo nilikwenda Feri kumwambia. Nilijiapiza njiani kote. Nilisema nikifika tu, kabla ya salamu, nitoe neno.

Nikamkuta amezungukwa na wakaangaji wenzake wanasubiri karai zipate moto. Kumbe alikuwa anawasimulia. Mazishi yangu mimi! Nimesimama nyuma yao nasikiliza hadithi niliyoitunga gesti, chumba namba sita, inatoka kinywani mwa mama wa marehemu, neno kwa neno, hata pale ninapopumua anapumua.

"Huyu hapa kaka mwenyewe!" akasema aliponiona. "Kaka, waambie. Wanadhani naongeza chumvi."

"Shikamoo, mjomba," wakasema wale wadogo.

"Marahaba. Ee, ni kweli, askari walijipanga, tukazika," nikasema haraka haraka.

"Umeruka tarumbeta," Paskalina akanisahihisha.

"Na tarumbeta."

"Na ndege?"

"Na ndege."

Mama mmoja akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema, "Paskalina, mwanao alizikwa kama waziri. Wa kwangu alizikwa na watu wanane na mvua." Paskalina akamshika mkono, akamwambia pole. Na uso wake, daftari, uso wake ulikuwa wa mtu mwenye kitu. Mwanamke aliyeachwa, mkaanga samaki, chumba kimoja Mchafukoge, lakini ana mazishi ya mwanawe. Ningemnyang'anya vipi pale mbele ya wenzake?

Nikala samaki alionipa. Nikarudi.

Mvua imenilowesha kuanzia Kivukoni mpaka Mnazi Mmoja, sikufungua mwavuli. Sasa niandike kwa nini sikupanda lile basi. Nikilificha hili nitakuwa nimekudanganya hata wewe.

Beno alikulia mgongoni kwangu. Baba yake hakujulikana alikokwenda, na hilo halikutusumbua, mtoto ni wa ujombani. Mimi ndiye niliyemjaza habari za maziwa yale saba kichwani. Nilikuwa namwambia niliwahi kuishi mji wenye maziwa saba, kila moja na rangi yake, nikaogelea yote saba kwa siku moja. Mtoto macho yamemtoka! Jina la Kyambila nililisoma kwenye kalenda iliyotundikwa kwa kinyozi. Basi tu, picha ilikuwa nzuri. Alipomaliza shule, kazi zote akaziacha, akaomba hifadhi ya Kyambila. Alisema, "Mjomba, nakwenda kukanyaga ulipokanyaga."

Na nilimwambia kitu kingine. Alikuwa mwoga wa maji, hakujua kuogelea vizuri. Siku anaondoka nikamshika bega nikamwambia sisi watu wa mto Ruvuma maji hayatuui, yanatujua kwa damu. Nilisema kwa kujitapa, kama ninavyosema kila kitu. Yeye aliniamini. Alikuwa anaamini kila neno langu, katika dunia nzima ni yeye peke yake.

Ndiyo maana. Ningekaaje kichwani pake?

Aprili 19

Sina la kuandika.

Aprili 30

Mvua kubwa. Mbaruku amekiri nilikuwa sahihi. Sikupata raha yoyote.

Mei 7

Nimejitia kuumwa mguu. Paskalina amekuja na mafuta ya nazi, akauchua saa nzima. Mguu mzima kabisa, nao unachuliwa na mikono iliyoungua mafuta ya moto miaka thelathini. Ameniuliza, "Unauma wapi hasa, kaka?" Nikamwonesha popote.

Mei 8

Mguu umepona.

Mei 16

Leo jua limetoka kidogo. Mbaruku amesogeza kigoda chake karibu na changu. Huyu bwana miaka yote nimemhesabu kuwa mpiga makofi wangu. Nikisema viboko wawili, yeye anapiga makofi. Nikisema watatu, anapiga zaidi. Nikajua ni mjinga mwenye moyo mzuri.

Akasema, "Mjomba, kwenda unaenda kweli?"

"Kwa nini nisiende?"

"Wiki ile ya msiba nilipeleka mzigo stendi ya Mbezi. Nilikuona. Ulikuwa unakula chipsi peke yako, unalia."

Nilitafuta uongo, daftari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuupata.

"Miaka miwili hujasema," nikamwambia.

"Niseme nini? Mtu akilia na chipsi mkononi hana haja ya kuulizwa." Akakunja mkanda, akaukunjua. "Hadithi zako mimi nazipenda, Mjomba, zinanifikisha jioni. Lakini yule mama siyo mimi. Mwambie kabla hamjapanda basi. Hapa atalia akiwa kwao. Kule atalia akiwa ugenini."

Nikamwambia nitamwambia kesho.

Mei 17

Sikumwambia.

Mei 24

Sikumwambia. Msalaba umekamilika, umepakwa rangi ya fedha. Amenunua na kigae chenye jina la Beno na tarehe zake. Ameniomba begi la kubebea. Nimempa lilelile la Mbezi, maana ndilo kubwa.

Juni 3

Masika yameisha. Kesho alfajiri tunaondoka. Mbaruku amesema ataniangalizia meza. Amenishika mkono, akachelewa kuuachia.

Juni 4

Safari ni ya kutwa nzima. Paskalina dirishani, hakulala hata kidogo. Kila mlima ananiuliza, "Huu unaitwaje, kaka?" Mimi nataja jina lolote. Kijana wa kiti cha nyuma alikohoa mara mbili.

Juni 5, Kyambila

Tumefika leo jioni, baada ya kulala Mbeya. Niandike jinsi kulivyo, kwa sababu safari hii naandika nilichokiona.

Ni baridi. Barabara safi, huoni hata ganda la muwa. Kila nyumba ina miti mbele na ubao mdogo wa kuonesha ilipandwa lini. Ziwa la kwanza linaonekana ukiwa stendi, liko chini kwenye shimo la mlima, kimya, la kijani kilichoiva. Hakuna injini, hakuna mtu anayefua. Watoto wanachota maji kwa zamu na kuyabeba mbali kabla ya kunawa miguu. Ni kuzuri, daftari. Nilipasimulia mahali hapa bila kupajua, na bado pamenizidi. Na hakuna kiboko hata mmoja, maji ni ya baridi mno.

Pale stendi binti mmoja mwenye sare anakagua mizigo. Akakiona kigae.

"Mama, hiki cha nini?"

"Cha kaburi la mwanangu."

"Pole sana, mama. Alizikwa wapi?"

"Kwenye ardhi ya hifadhi, ziwani. Alikuwa askari wenu."

"Basi kigae hakitaruhusiwa, mama. Karibu na maziwa hatuweki saruji wala chuma, vinaharibu maji. Marehemu anapandiwa mti."

Paskalina akanigeukia. "Kaka, si ulisema limesakafiwa?"

"Itakuwa sheria mpya," nikasema.

Binti akatabasamu kwa adabu. "Hapana, mzee. Sheria hii ina umri kunizidi."

Paskalina hakuniuliza tena. Gesti alikunywa uji, akaweka msalaba juu ya kitanda cha pili kama mtu anayemlaza mgonjwa, akasema tuonane asubuhi.

Juni 6

Nimekaa gesti, mchana, yeye yuko chumbani kwake. Naandika yote.

Saa mbili tulikwenda ofisi ya hifadhi. Akatoka mzee mmoja wa makamo yangu, mrefu, amevaa mabuti ya mpira. Akajitambulisha kuwa ni Ansbert, alikuwa mkubwa wa zamu ya Beno. Jina hilo mimi nalijua. Ndilo lililokuwa linawaka kwenye simu yangu kule Mbezi kabla sijaizima.

Paskalina akasema, "Mimi ndiye mama yake Beno. Na huyu ni kaka yangu Athanas, mjomba aliyekuja kumzika. Mnafahamiana."

Ansbert akanitazama. Sijui alinitazama muda gani. Angeweza kunimaliza hapo hapo, na angekuwa na haki. Akasema tu, "Karibu, mjomba," akatangulia njiani.

Ni mwendo wa nusu saa, unashuka msituni mpaka ukingo wa ziwa. Hapo pana uwanda wa majani na miti kama thelathini, imepishana umri, mingine mirefu, mingine michanga. Hakuna majina. Ansbert akasimama pembeni, akavua kofia.

Paskalina akavua viatu. Akasema, "Kaka, tangulia unioneshe."

Ndivyo inavyotakiwa. Aliyezika ndiye anayetangulia.

Nikatangulia. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilitafuta mti unaofaa hadithi yangu, nikauona mmoja mkubwa, umetazama maji, una ndege juu. Nikasimama hapo. Nikasema, "Ni hapa."

Akapiga magoti. Akaukumbatia. Akaita, "Beno. Beno, mama nimefika. Nimechelewa, baba, nilikuwa naumwa." Akaweka shavu kwenye gome. Ansbert akatazama ziwani. Mimi nilisimama namtazama dada yangu anamlilia mtoto wa mtu mwingine, na bado sikusema.

Kisha akanyamaza. Mikono yake ilikuwa imelizunguka shina, vidole havikukutana. Sisi tulikulia kwenye mikorosho, daftari. Hakuna mtoto wa Ndanda asiyejua kuukadiria mti.

Akauliza polepole, "Kaka, mti huu una miaka mingapi?"

Nikajitia kuhesabu matawi.

"Huu umekizidi umri kifo cha mwanangu."

"Siyo huo, Paska," nikasema. "Sijui ni upi. Sikufika. Niliishia stendi ya Mbezi."

Hakupiga kelele. Ningetaka apige. Alikaa pale chini, akajifunga kanga upya, akauliza kimoja kimoja.

"Askari sitini?"

"Hakuna."

"Tarumbeta?"

"Hakuna."

"Udongo wangu?"

"Wa Mbezi."

"Na wale ndege?"

Nikatikisa kichwa. Hapo ndipo alipolia. Siyo kwenye udongo, siyo kwenye kaburi. Kwenye ndege. Akasema, "Ile hadithi ndiyo iliyokuwa inanilaza, Athanas. Kila siku nikifumba macho nawaona wanaruka. Sasa nitalala na nini?"

Kabla ya leo hakuwahi kuniita kwa jina.

Ansbert akaja, akamwinua kwa kiwiko, akampeleka kwenye mche mmoja mwembamba, unanifika kifuani, majani machanga bado mekundu. Akasema, "Yuko hapa, mama. Kichwa huku, kwenye kilima."

Paskalina akaushika kwa vidole viwili tu. Akakaa karibu nao. Kisha akasema, "Nisimulie wewe, baba. Kama ilivyokuwa."

Ansbert akasimulia. Walikuwa watu kumi na wawili. Jeneza walilipigilia wenyewe kwa mbao za ghala. Katekista mmoja, hakuna kwaya. Akafika mahali akasita, akanitazama.

Paskalina akasema bila kugeuka, "Kama ni habari za huyu, paruke hapo. Endelea mbele."

Nikasema, "Usiruke, ndugu yangu. Sema, nipo."

Akasema. "Mimi nami kwetu kusini, Masasi, mama. Nikawaambia wenzangu kijana huyu ana mjomba, hazikwi hivihivi. Tukaweka kiti hapa kichwani. Saa nne tukasema tumngoje mpaka saa sita. Saa sita tukasema tisa. Simu haipatikani, tukajua yuko njiani milimani. Mvua ikaja kubwa, watu wakakimbilia chini ya miti. Turubai tulikuwa nalo moja. Tukakifunika kiti. Tulisema mtu anatoka Dar es Salaam, amechoka, amefiwa, asije akakuta kiti kimelowa. Saa kumi na moja giza la mvua likawa zito, nikasema mimi, 'Mshusheni.' Nisamehe, mama, neno lile halikuwa langu. Na kiti hatukukiondoa. Tulikiacha mpaka kesho yake mchana. Tulisema labda basi limeharibika."



"Umesikia, kaka?" Paskalina akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi kaa."

Nikakaa hapo kichwani, chini, kwenye majani yenye umande, mpaka suruali ikalowa chapa.